“Nimeomba mara sita, sijaitwa”: kutafuta kazi ya utafiti ya chuo kikuu ukiwa Kigoma

SWALI

“Shikamoo Daktari. Nina miaka 26, naishi Ujiji. Nilimaliza shahada ya kwanza ya sayansi ya viumbe wa majini na uvuvi mwaka 2022, GPA yangu ni 3.6. Ndoto yangu ni kufanya utafiti chuo kikuu. Nimeomba nafasi za mkufunzi msaidizi mara sita kupitia Ajira Portal, sijawahi kuitwa hata kwenye usaili wa mchujo. Nikaanza kuwaandikia wahadhiri barua pepe, kama arobaini hivi, nikiambatisha vyeti vyangu vyote. Waliojibu ni wawili tu, na wote walisema hawana nafasi. Kwa sasa namsaidia mama kuuza dagaa mwaloni Kibirizi. Watu wananiambia bila kujuana hupati kitu. Wengine wanasema nihamie Dar es Salaam, na mjomba yuko tayari kuuza kiwanja nikasome shahada ya uzamili. Juzi kwenye kundi la WhatsApp kuna mtu amesema ana nafasi za wasaidizi wa utafiti katika chuo kimoja, kinachotakiwa ni shilingi 50,000 ya fomu. Nifanye nini? Nimeanza kuona shahada yangu ni karatasi tu.”

JIBU

Marahaba, binti yangu, na pole kwa miaka hiyo ya kusubiri. Nianze na lililo la haraka: hiyo 50,000 usiitume. Kuomba kazi kupitia Ajira Portal, tovuti ya serikali ya maombi ya kazi, ni bure, kumwandikia mhadhiri ni bure, na mradi wa utafiti wenye fedha ndio unaokulipa wewe. Kama mtu huyo ametaja chuo kwa jina, tafuta namba ya idara kwenye tovuti ya chuo chenyewe, si ile aliyokupa yeye, upige uulize jina la mradi na la mtafiti mkuu. Mradi wa kweli una vyote viwili, na hakuna anayeona haya kuvitaja.

Sasa turudi kwenye swali lako. Unasema unataka kufanya utafiti, lakini kazi uliyoomba mara sita ni ya kufundisha. Mkufunzi msaidizi ni ngazi ya kwanza ya wanataaluma: anaajiriwa ili aandaliwe kuwa mhadhiri. Kwa ngazi hiyo, vyuo vikuu vya umma hudai GPA isiyopungua 3.8 kati ya 5 kwenye shahada ya kwanza. Wewe una 3.6. Daraja la pili la juu linaanzia 3.5, na hapo ndipo wahitimu wengi wanapochanganyikiwa: wanaona wana daraja zuri, wanaomba mwaka hadi mwaka, na wanaondolewa kwenye mchujo wa sifa kabla mtu hajaisoma barua yao. Kwa hiyo usitafute mchawi. Kwa kiwango hicho, maombi yako hayakuwa na njia ya kupita hata kama ungekuwa na ndugu kila ofisi, na hayasemi lolote kuhusu uwezo wako wa kufanya utafiti.

Kazi ya utafiti inazaliwa kwa njia nyingine kabisa, na ukiielewa njia hiyo utaacha kupoteza nguvu pasipo na kitu. Mhadhiri huandika andiko la utafiti na kuliombea fedha: kwenye mfuko wa ndani ya chuo, Tume ya Sayansi na Teknolojia, yaani COSTECH, au kwa wafadhili wa nje ya nchi. Ndani ya andiko hilo kuna bajeti, na ndani ya bajeti kuna mstari wa wasaidizi: watu wangapi, siku ngapi, kwa kiasi gani. Fedha zikitoka, muda unaanza kuhesabika. Mtafiti mkuu ana mwaka mmoja, miwili au mitatu ya kumaliza na kutoa ripoti. Hana nafasi ya kutangaza gazetini kazi ya wiki nne. Anauliza wenzake ofisini: “Nani anamjua kijana anayeweza kukusanya data Kigoma?” Jina linalotajwa ndilo linaloitwa.

Huko ndiko kujuana unakoambiwa, na sitakudanganya kwamba hakupo. Lakini kwa sehemu kubwa si kujuana kwa ukoo. Ni mtafiti aliyewahi kuona kazi ya mtu: dodoso lililorudi limejazwa vizuri, data zisizo na mapengo, mtu asiyezima simu siku ya tatu ya kazi. Data mbovu zinaua mradi mzima na haziwezi kukusanywa tena fedha zikishaisha, kwa hiyo mtafiti anaogopa sana mtu asiyemjua. Kazi yako ni kumwondolea hofu hiyo kabla hajakuuliza.

Zipo ngazi, uzijue kwa majina yake. Ya chini ni mdadisi, anayekwenda na dodoso au na ubao wa kupimia samaki kwa siku kumi au wiki sita, akalipwa kwa siku. Juu yake ni msaidizi wa utafiti, anayekaa na mradi miezi au miaka, anasimamia wadadisi, anasafisha data na kuandika ripoti fupi. Halafu kuna mratibu wa mradi. Hizi tatu kwa kawaida ni za mkataba wa mradi, na kile kiwango cha 3.8 hakizihusu. Kando yake kuna maafisa utafiti wa taasisi za serikali kama TAFIRI, ya utafiti wa uvuvi, na TARI, ya utafiti wa kilimo, ambao ni waajiriwa wa kudumu na nafasi zao hutangazwa Ajira Portal. Hizo uendelee kuziomba, ila soma sifa mstari kwa mstari kabla ya kubonyeza.

Kuna jambo la msimu ambalo wahitimu wengi hawaliangalii. Vyuo vyetu vingi hufungua mwaka wa masomo Oktoba au Novemba na kufunga Julai. Mvua za Kigoma na Tabora huanza kati ya Oktoba na Novemba na kukatika karibu na Mei. Mhadhiri anayefundisha hawezi kuacha darasa, na barabara ya kijijini haipitiki vizuri Februari. Kwa hiyo kazi nyingi za uwandani huangukia kati ya Juni na Septemba. Ukirudisha siku nyuma, vibali na barua za utambulisho hushughulikiwa miezi kadhaa kabla, na timu hupangwa Machi hadi Mei. Ukiandika barua yako Agosti, watu wako uwandani na ziwani tayari. Ukiandika Machi, unamkuta anapanga timu.

Na hapa nije kwenye Kigoma yenyewe, maana umeandika kana kwamba kukaa Ujiji ni ulemavu. Watafiti wamekuwa wakija mkoani kwako tangu kabla hujazaliwa. Jane Goodall alianza kazi ya sokwe Gombe mwaka 1960, na mwaka 1965 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto cha Japani wakaanza yao Mahale. Kazi hizo mbili ni miongoni mwa tafiti za muda mrefu zaidi duniani za wanyama wa porini, na wasaidizi wake wengi wametoka vijiji vya jirani. TAFIRI ina kituo Kigoma mjini kinachoshughulikia Ziwa Tanganyika. TARI Kihinga inafanya utafiti wa michikichi. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ilifunguliwa 1996, na tafiti za afya, elimu na maisha ya wakimbizi zimefanyika huko na kwenye wilaya zinazoizunguka.

Msomaji wa Tabora anayesoma jibu hili naye ana zake: TARI Tumbi, kituo cha Tabora cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, chuo cha ufugaji nyuki, na misitu ya miombo inayovutia watafiti wa asali na mkaa.

Kila mradi unaotoka Dar es Salaam, Morogoro au nje ya nchi kuja huko una matatizo yaleyale: nauli, malazi, lugha na kuaminiwa na wenyeji. Kama unasema Kiha, unaelewana pia na Mrundi, kwa sababu lugha hizo mbili ni kama dada. Unaijua Kibirizi kabla ya jua kuchomoza, unajua nani ni mwenyekiti wa mwalo, unajua mvuvi gani hasemi kweli kuhusu wavu wake. Mtafiti anayeruka kutoka mbali hulipa fedha nyingi kupata sehemu ndogo tu ya hayo. Hilo ndilo la kuuza kwenye barua yako, na kwenye barua zako arobaini inaelekea hukulitaja hata mara moja.

Barua hizo zilikosea wapi? Nikikisia kwa ulivyoeleza: barua moja kwa watu wengi, “naomba nafasi yoyote”, na vyeti vyote vimeambatishwa, kuanzia cha kuzaliwa. Mhadhiri hupokea barua za namna hiyo kila wiki. Haoni cha kujibu, kwa sababu hujauliza kitu kinachojibika. Faili la megabaiti 12 kwenye simu yake linamchosha kabla hajalifungua. Andika kwa mtu mmoja, mmoja, na usizidi maneno 150. Kichwa cha barua kiseme kitu, kwa mfano: “Mkusanyaji wa data za uvuvi, Kigoma, Juni hadi Septemba.” Kisha kitu kama hiki:

“Dkt. …, nimesoma makala yako kuhusu uvuvi wa dagaa katika Ziwa Tanganyika, hasa sehemu uliyoeleza uhaba wa data za mialo. Ninaishi Ujiji na kila siku alfajiri niko mwalo wa Kibirizi. Nina shahada ya sayansi ya viumbe wa majini na uvuvi, ninaongea Kiswahili na Kiha, na ninatumia KoboCollect na R. Nimeambatisha ukurasa mmoja wa vipimo vya dagaa 100 nilivyochukua mwezi huu, uone namna ninavyofanya kazi. Je, una mradi, au unamfahamu mwenzako mwenye mradi, utakaohitaji mtu Kigoma msimu huu wa kiangazi? Ninaweza kuanza kwa siku chache za majaribio.”

Tazama swali la mwisho. Linajibika kwa sentensi moja, na hata asiye na mradi anaweza kukupa jina la mwenzake. Ambatisha CV ya kurasa mbili na huo ukurasa wa data, vyote PDF, jumla isizidi megabaiti 1. Faili lipe jina lako, si “scan0034”. Makala usiitaje kama hujaisoma. Google Scholar itakuonyesha nani ameandika nini kuhusu ziwa lako, na nyingi unaweza kuzipakua bure. Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya siku kumi, kisha umwache. Usimfuate WhatsApp usiku. Watu kumi waliochaguliwa vizuri wanatosha kuliko arobaini, na uwaanze na wale walioandika kuhusu Tanganyika, kisha Nyasa na Victoria. Wa kwanza kabisa awe msimamizi wa ripoti yako ya mwaka wa mwisho, maana huyo tayari anaijua kazi yako. Nashangaa hukumtaja.

Huo ukurasa wa dagaa 100 ndio kiini cha ushauri wangu, kwa hiyo nikueleze unavyotengenezwa. Chukua samaki wabichi wa chombo kimoja, kabla hawajaanikwa, kwa sababu dagaa akikauka hupungua urefu na uzito. Usichague wakubwa, changanya ndoo, chota mkono mmoja kutoka juu, katikati na chini. Kisha watenganishe: wanaoitwa dagaa Kigoma ni aina mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, na hii ya pili hukua kubwa zaidi. Ukizichanganya, wastani wako hauna maana yoyote. Pima kwa milimita, ukianzia ncha ya mdomo. Hapo ndipo wengi huharibu: urefu kamili huishia kwenye ncha ya mkia, urefu mwingine huishia kwenye panda ya mkia. Chagua mmoja, uandike juu ya karatasi ni upi, na usibadilishe katikati. Uzito upimwe kwa mizani inayosoma gramu 0.1, usipoipata, acha safu ya uzito kabisa kuliko kukisia. Andika tarehe, mwalo, aina ya chombo na wavu, na mwezi angani ulikuwaje, giza au mbalamwezi. Ukimaliza, chora mchoro mmoja unaoonyesha idadi ya samaki kwa kila milimita 5. Mtafiti wa uvuvi akiona ukurasa huo ataelewa mambo mengi kukuhusu kwa nusu dakika.

Upande wa programu, usilipie kozi. KoboToolbox, ya kutengeneza madodoso, ni bure: fungua akaunti, tengeneza dodoso la maswali 20, liweke kwenye simu yako ya Android kwa programu yake ya KoboCollect, lifanyie majaribio kwa ndugu watano. Jifunze kuweka kikomo cha jibu, ili mtu asiweze kuandika umri wa miaka 250, na kuweka masharti ya kuruka swali, ili asiyemiliki mtumbwi asiulizwe urefu wa mtumbwi. Halafu pakua data, uzisafishe kwenye Excel, uzichambue kwa R, programu ya takwimu ambayo nayo ni bure. Miezi mitatu ya jioni mbili kwa wiki inatosha kukufikisha pazuri. Majibu ya ndugu zako uyafute baadaye, na majina usiyaandike kabisa. Kuhoji watu kwa utafiti wa kweli kunahitaji kibali cha maadili, na msaidizi anayelijua hilo anaaminika haraka.

Ujuzi wako wa mwaloni una thamani hata ndani ya dodoso. Mtafiti mgeni huandika: “Unapata shilingi ngapi kwa mwezi?” Wewe unajua wavuvi wa dagaa hutoka kwenye giza na kupumzika kwenye mbalamwezi, kwa hiyo “mwezi” kwake ni kipindi cha kazi na kipindi cha kukaa bure, na kila mmoja atahesabu kivyake. Unajua pia mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na kwamba anayeulizwa kipato cha miezi mitatu iliyopita bila kuzingatia ufungaji wa namna hiyo atatoa jibu linalopotosha. Msaidizi anayeinua mkono siku ya mafunzo na kusema hivyo, kwa adabu, huitwa tena.

Sasa toka nje ya simu. Mtafiti anayeingia mkoani hutakiwa kujitambulisha serikalini: barua hupita ofisi ya Katibu Tawala wa mkoa, hushuka wilayani na halmashauri, hadi kwa mtendaji wa kata na wa kijiji. Mtafiti kutoka nje ya nchi lazima awe na kibali cha COSTECH na mshirika wa Kitanzania. Maana yake watumishi wa halmashauri yako hujua mapema nani anakuja kufanya nini, na mara nyingi afisa uvuvi ndiye anayeombwa apendekeze wadadisi. Nenda ukamsalimie. Mwachie CV ya kurasa mbili na namba ya simu, umweleze unapatikana lini. Nenda TAFIRI Kigoma na barua ya kuomba kujitolea kwa muda maalumu, useme miezi mitatu, siku tatu kwa wiki, ili biashara ya mama isife. Usijitolee bila kikomo. Kijana anayekaa miaka miwili bila posho anageuka samani ya ofisi. Ulizia pia mpango wa serikali wa mafunzo ya uzoefu kazini kwa wahitimu, ambao humpeleka mhitimu kwenye taasisi kwa muda unaojulikana na kwa posho.

Kuhusu uzamili, mwambie mjomba asubiri kidogo na kiwanja chake. Siupingi, bila uzamili utafika mahali ukwame, kwa sababu kupanda kutoka msaidizi hadi mtafiti kamili kunaudai. Lakini upo uzamili wa namna mbili. Mmoja unalipia mwenyewe, unatafuta mada mwenyewe na fedha za uwandani mwenyewe. Mwingine unakaa ndani ya mradi: miradi mingi mikubwa ina nafasi moja au mbili za wanafunzi, ada na gharama za utafiti zikiwa zimelipwa, na wanaozipata mara nyingi ni wasaidizi waliokwishaonekana. Mwaka mmoja wa udadisi na usaidizi unaweza kukupeleka kwenye huo wa pili. Ukikosa baada ya misimu miwili ya kujaribu kweli, hapo fikiria kujilipia, na Chuo Kikuu Huria kina kituo Kigoma, huna haja ya kupanga chumba mji wa mbali.

Jambo moja uliweke akilini kabla kiwanja hakijauzwa. Uzamili haufuti GPA ya kwanza. Nafasi za mhadhiri msaidizi katika vyuo vya umma hudai GPA ya 4.0 kwenye uzamili, na matangazo huangalia tena ya shahada ya kwanza. Kiwango hicho cha shahada ya kwanza kisome kwenye tangazo la chuo unachokitaka kabla hujalipa ada. Ukiona 3.6 yako haitoshi kwao, bado unabaki na taasisi za utafiti, miradi na mashirika, ambako uzamili wako utahesabika. Ila uingie ukijua.

Kuhamia Dar es Salaam bila mkataba mkononi sikushauri. Huko utakuwa mmoja wa maelfu, unalipa kodi ya chumba, na utakuwa umeacha kitu pekee ambacho wao hawana. Nenda ukiitwa.

Ukiitwa, uliza mambo haya kabla ya kupanda gari: siku ngapi, kiasi gani kwa siku, nauli na malazi nani analipa, malipo yanatoka lini, na ukiumia ziwani nani anahusika. Yaandikwe, hata kwenye barua pepe tu. Kama kuna kazi ya chomboni, vaa jaketi la kuokolea. Mradi usiokuwa nalo usipande boti yake. Kazi ikiisha omba barua inayotaja mradi, tarehe na kazi uliyofanya. Usitegemee jina lako kuwa miongoni mwa waandishi wa makala kwa kukusanya data peke yake. Kwa kawaida utatajwa kwenye shukrani. Ukichangia uchambuzi na uandishi, hapo una haki ya kuzungumza, na uzungumze mapema, si makala ikishatoka.

Na kwa kuwa wewe ni msichana, hili nalisema bila kuzunguka. Akitokea mtu anayeweka nafasi ya kazi mkononi na kukutaka kimapenzi, hiyo ni rushwa ya ngono, na ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Hifadhi ujumbe wake, mwambie mtu mzima unayemwamini, na piga TAKUKURU namba 113, ni bure. Namba hiyohiyo inamfaa na muuza fomu wako, kama anajiita mtumishi wa chuo.

Yapo ambayo jibu la kuandikwa haliwezi kukutatulia. Kagua majina yako leo: cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita, cha chuo na NIDA. Kama herufi au mpangilio wa majina unatofautiana, nenda kwa wakili hapo Kigoma mjini na nakala zote, akueleze kama kiapo kinatosha au unahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa; hilo lisisubiri tangazo litoke, kwa sababu matangazo ya Ajira Portal hufungwa ndani ya wiki chache. Cheti kilichopotea kishughulikie NECTA au chuoni kwako, maana karatasi ya matokeo ya muda haikubaliki kule. Na CV yako ikishaandikwa, ipeleke kwa mtu anayefanya utafiti, aisome mbele yako: kituo cha Chuo Kikuu Huria au TAFIRI wapo umbali wa nauli ya daladala. Mwombe akuonyeshe mahali alipochoka kusoma, uanze kurekebisha kuanzia hapo.